Boga Lina Macho?

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana tangu tukuzike hapa kijijini Pande hakuna anayeniitikia huku amenuna kama wewe.

Kaa vizuri nikwambie. Mjukuu wako niliyekimbia shule darasa la tano, sasa shuleni naitwa mwalimu! Mwalimu mkuu kanipa bustani ya watoto niisimamie. Mchicha, bamia, maboga, vyote vinanijua. Ningekuwa na kitambi ungeniamkia wewe.

Ila umeniponza. Maboga yalipotoa vitoto, nikawatangazia watoto, kifua mbele: "Boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Kunja kidole, onyesha kwa kifundo. Bibi yangu kasema." Kuna katoto ka darasa la tatu, Zuhura, kakaniuliza, "Mwalimu, kwani boga lina macho?"

Bibi, nikajifanya nakwenda kuchota maji. Mimi!

Wakataka tujaribu. Mashina ya upande wa mnazi wayanyooshee vidole kila asubuhi, ya upande wa choo wayakunjie. Nikakubali kwa maringo, lakini usingizi ulinipaa. Ukishindwa, watasema bibi yangu alikuwa mwongo, na wewe huko uliko huwezi kujitetea.

Yakaoza pande zote, bibi. Na yakakua pande zote. Wakaniimba, "Bibi kakupiga kamba! Bibi kakupiga kamba!" Nikacheka kwa meno tu.

Zuhura hakuimba. Alikuwa kachuchumaa kwenye maua. Akasema yaliyooza ni yale ambayo nyuki hawakuingia kwenye maua yake, kayaangalia mwenyewe. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, mlikuwa wajukuu wengi kwa bibi?"

"Tele."

"Mkiona boga changa mlikuwa mnafanyaje?"

Ah, bibi, unajua! Tulikuwa tunalibonyeza, tunalikwaruza kwa kucha tuone kama limekomaa.

"Basi kidole kikikunjwa hakikwaruzi," akasema. "Bibi yako alikuwa anayalinda maboga na nyinyi."

Wale waimbaji wakakimbilia maua kuhesabu nyuki. Kamba haikutajwa tena.

Lakini niambie, ulijua? Au na wewe ulipigwa kamba na bibi yako? Hilo ndilo linaloniwasha. Uliyonikataza ni mengi: kufagia usiku, kupiga mluzi shambani, kukalia kinu. Yote sasa nayatilia jicho, na watoto wanadai tuyajaribu moja moja. Nitawakubalia. Ukishindwa usinune.

Ila nyuma ya jiko lako limeota shina la boga, mbegu ulizitupa mwenyewe pamoja na maganda. Limetoa kitoto kimoja. Jana nilisimama pale peke yangu, hakuna wa kunicheka, nikainua mkono. Kidole kikajikunja chenyewe.

Hilo halijaribiwi, bibi. Nakuahidi. Likikomaa nitalipika kwa nazi, na nitawaambia watu mapishi ni yangu.

Lala salama, mke wangu.

Mumeo asiyetoa mahari