Kiti cha Mama Loisi

Mwaka umetimia leo, dada Edina Namwinga, tangu ulipotutoka ghafla asubuhi ya Ijumaa, tarehe 11 Oktoba 2013, ukiwa kazini kwako ghalani, hapa Tunduma. Bado jioni ikifika tunatega sikio, labda ni wewe unayevua viatu mlangoni.

Kaka Raphaeli amenipa kalamu mimi, Aida, mdogo wako, niandike tangazo hili la kukukumbuka, kwa sababu yeye kila akianza kuandika anaishia kwenye "marehemu alikuwa mpole". Amenionya kabisa: "Andika kwa heshima. Usianze mambo yako." Nimemwitikia. Lakini wewe unanijua, dada. Nilikuonea wivu ukiwa hai, na mpaka leo wivu haujaisha. Nikikuandikia bila kuutaja utasema si mimi niliyeandika.

Nianze na sifa zako, kwa kuwa ni za kweli. Uliingia kwa Mzee Abdulswamad, mwenye ghala, mwaka 1988 ukiwa mpiga chapa, siku zile biashara ya mpakani ndiyo kwanza inafunguka na malori yanaanza kupanga foleni kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Ukapanda pale pale mpaka ukawa afisa utumishi. Asubuhi ulipita ghala zima, na swali lako la kwanza halikuwa la kazi. "Umekula?" ulimwuliza kila mwanamke. Akishajibu ndipo unauliza maharage yamefungwa magunia mangapi.

Mjamzito hukumpanga zamu ya usiku. Mwenye mtoto mchanga ulimpa saa zake za kunyonyesha hata kabla sheria haijasema, na sheria ilipokuja kusema uliibandika ukutani kwa maringo, utadhani umeitunga wewe. Mwasiti alipokuwa mfungaji wa maharage, ana mimba ya miezi sita na bado anainua magunia kwa kuogopa kufukuzwa, ulimkuta ameketi chini jasho linamtiririka. Ulikwenda kwa Mzee moja kwa moja.

"Huyu nikimpa kazi ya kukaa, mwezi ujao wote watapata mimba," Mzee alisema.

"Wakipata tutawapangia, Mzee. Kwa sasa nipe kiti kimoja."

Akakupa kiti. Mwasiti alikaa, akajifunza hesabu akiwa amekaa, na leo ndiye keshia wa ghala. Baada yake ukatafuta kiti kingine, na kingine. Hakuna mwanamke wa pale ambaye hukumtafutia mahali pa kukaa. Wakakuita mama, hata waliokuzidi umri. Wafanyabiashara wa Nakonde nao wakakuita bamayo. Kila mtu alikuwa na neno lake la kukuita mama, na wewe uliitika yote.

Hayo yatasemwa kanisani leo na watu wanaojua kusema. Sasa niseme yangu.

Loisi ulimzaa Novemba 1990. Baba yake alikuwa ameshavuka mpaka na lori lake akasahau njia ya kurudi. Ulirudi kazini mtoto hajajua hata kukaa, na mimi nikatolewa Nanyala kwa mama, msichana wa miaka kumi na saba, nije nimlee. Kila mchana nilimfunga mgongoni nikashuka naye mpaka getini kwenu ili anyonye. Jilala, mlinzi, hakufungua hata siku moja. "Amri ya Mzee, watoto hawaingii," alisema, huku anatazama pembeni kwa aibu. Ikawa unatoka wewe, unanyonyesha umesimama nyuma ya lori, nami nimeshika kitenge kukusitiri na macho ya madereva.

Siku moja ya mvua kubwa ulichelewa kutoka, una barua za Mzee za kumalizia. Mtoto analia, mimi nimelowa chapachapa. Uvumilivu ukanishinda. Nikalishika lile geti nikalitikisa, nikapaza sauti mpaka madereva wakafungua milango ya malori yao: "Mzee! Huyu ni mtoto wa mpiga chapa wako! Fungua geti, au niletee ziwa lake hapa nje!" Mzee akatoka na mwavuli. Akanitazama, akamtazama mtoto, akamwambia Jilala atupeleke kwenye chumba cha maturubai. Tangu siku hiyo watoto wa ghala lile wananyonyea humo. Baadaye ulipopata cheo ukakipaka rangi, ukaweka vitanda vidogo na mlezi, na wageni wa Mzee wakawa wanaletwa kukitazama. Mlangoni paliandikwa "Chumba cha Mama Loisi". Kelele zangu, dada, jina lako!

Na Mei Mosi uliposimama kupokea zawadi ya mfanyakazi hodari, ulimshukuru Mungu, ukamshukuru Mzee, ukawashukuru wenzako wote, hata Jilala. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nimevaa gauni nililolishona kwa ajili ya siku hiyo tu, nimekaa wima nasubiri nisikie jina langu. Ukashuka jukwaani. Siku mbili sikusema na wewe. Ukadhani naumwa jino, ukaniletea dawa.

Lakini lililokuwa linanikata maini hasa ni jioni. Mtoto nimeshinda naye kutwa, nimemwogesha, nimemlisha uji, nimemchezesha mpaka mgongo unauma. Akisikia viatu vyako tu mlangoni, ananiacha na kijiko mkononi. Siku aliyoanza kusema alinitazama mimi akasema "mama", na wewe ulikuwa umeketi kizingitini na miguu yako ndani ya beseni la maji ya moto niliyokuchemshia. Ukamwita, ukamwambia taratibu, "Huyu ni mamdogo. Mama ni mimi." Ukacheka. Mimi sikucheka.

Ayoub wa Iyula alipokuja kunichumbia, Loisi alikuwa anaanza darasa la kwanza. Uliniambia, "Subiri kidogo, mdogo wangu, mtoto azoee shule." Nikasubiri. Ayoub naye alisubiri, akachoka, akaoa kwingine, na leo ana shamba la kahawa na watoto watano. Loisi shule aliizoea wiki ya kwanza. Hilo sijakusamehe lote, dada. Nimebakiza kipande cha kuja kukuuliza.

Haya, Raphaeli amesoma mpaka hapa amekohoa. Ngoja niseme mema tena. Mshahara wako wa kwanza wa uafisa uliununulia cherehani yangu. Hukujifikiria hata viatu. Ukawaambia wenzako wote ghalani walete vitambaa kwangu, na waliochelewa kunilipa uliwaona wewe mwenyewe. Nguo zako zote za kazi nilizishona mimi. Ulipendeza mno ndani yake, nami nilikasirika kwa unavyopendeza.

Ulijua sana kuwaambia watu wapumzike. Likizo za wote ulizipanga wewe, yako ukaiahirisha kila mwaka, mara kuna anayejifungua, mara wakaguzi wanakuja. Daktari alikwambia presha yako haitaki mchezo. Mimi nilikwambia, mama alikwambia. "Nikipumzika mimi, nani atawapumzisha wao?" ndilo jibu tulilopata. Ijumaa ile ulianguka kwenye mlango wa kile chumba cha watoto, na aliyekudaka ni Mwasiti. Ulikata roho mikononi mwa Mwasiti, dada. Mimi nilikuwa nyumbani nakunja pindo la sketi yako ya kijivu.

Kwenye maziko yalikuja Nanyala mabasi matatu ya wanawake, wote kitenge cha sare, wote wanakulilia mama. Nilisukumwa na kusukumwa mpaka nikajikuta kwenye masufuria. Dada mmoja nisiyemjua akanipa pole, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na wewe ulikuwa naye idara gani?"

Jamani! Nilimwambia idara ya jikoni.

Sasa hili la Loisi. Tulisubiri mwaka uishe ndipo aolewe, na Jumamosi ijayo ndiyo sendofu yake hapa Tunduma. Unajua mwenyewe inavyokuwa. Bibi harusi mtarajiwa anakata keki, anakwenda nayo mpaka kwenye kiti cha mama yake, anapiga goti anamlisha, na ukumbi wote unasimama. Tangu tulipokuzika, kwenye kiti kile nilikuwa namwona mtu mmoja tu. Kwa mila zetu hata haina mjadala, mama hayupo, mama mdogo ni mama. Nilishashona gauni tena.

Kamati ikakaa sebuleni kwetu. Mwenyekiti ni nani? Mwasiti. Akasema kwa ile sauti yake ya huruma, "Mimi naona kiti cha mama tusimkalishe mtu yeyote. Tuweke picha ya Edina na maua." Wote wakaitikia kwa vichwa. Nikamtazama Loisi. Naye akaitikia.

Nikainuka nikaenda jikoni. Roho ilikuwa inaniwaka moto, siwezi kuficha. Nikasema peke yangu, huyu mtu yuko kaburini mwaka mzima na bado ananishinda. Wanawake wa ghala zima amewatafutia viti, na mimi hata hiki cha siku moja ananinyima! Nikamwaga maji kwenye karai nikaanza kuosha vyombo.

Loisi akanifuata.

"Mamdogo, umenuna."

"Nani kanuna? Naosha vyombo."

"Vyombo hivi ni visafi. Nimeviosha mwenyewe mchana."

"Basi vitatakata zaidi."

Akanichukulia sufuria mkononi, akaliweka chini. "Picha haiwezi kukaa peke yake," akasema. "Nimekwenda ukumbini kujaribu. Viti vyao vinateleza, ukiweka kitu kinaanguka. Nataka uipakate."

"Mimi?"

"Sasa nani mwingine? Kila mchana ulinibeba ukanipeleka kwa mama. Jumamosi umbebe mama umlete kwangu."

Nilisimama pale nimeshika kitambaa cha vyombo, machozi yananitoka kama mtoto. Nikajifuta nacho uso, nikauliza lile lililokuwa bado linanisumbua.

"Na keki? Keki utamlisha nani?"

"Mamdogo jamani! Picha inakula keki?"

Tukacheka, tukacheka mpaka Mwasiti akaja kuchungulia kuna nini. Hatukumwambia. Acha na yeye aone wivu kidogo.

Kwa hiyo jiandae, dada. Nimechagua picha ile uliyovaa suti ya bluu, kwa sababu hiyo suti ni mshono wangu na nataka watu waione. Nitakupakata vizuri, sitakuangusha. Najua watakaoingia watakutazama wewe. Wanawake wa ghala watalia, watasema ulikuwa mzuri wa sura na wa moyo, na hakuna atakayeuliza huyu aliyeishika picha ni nani. Sawa, nimezoea. Lakini Loisi akipiga goti atanitazama mimi machoni, na keki nitakula mimi.

Nikuambie ukweli lakini, hapa ambapo kila mtu anasoma. Ungekuwepo ningekuachia kiti, na keki yake, na makofi yote. Ningekwenda zangu safu ya tatu na gauni langu jipya, nikakutazama unalishwa, nikanuna mpaka kesho yake. Na wewe ungeniletea dawa ya jino. Ninatamani sana kununa hivyo, Edina. Sina mtu mwingine wa kumnunia.

Ibada ya kukukumbuka ni leo saa nne asubuhi kanisani Nanyala, kisha tutakuja wote kaburini kwako.

Unakumbukwa na mama yetu Enesi, ambaye mpaka leo akiniita anaanza na jina lako. Kaka yako Raphaeli. Binti yako Loisi na mkweo mtarajiwa Justine. Wafanyakazi wenzako wote wa ghalani, wakiongozwa na Mwasiti, ambaye nimemtaja, Raphaeli asije akasema. Na mdogo wako Aida.

Tutakukumbuka siku zote, Mama Loisi. Mimi kuliko wote.