Sinia la Tofi Lisitupwe

Wanangu,

Sinia lililo mezani msilitupe! Lilowekeni kwenye maji ya vuguvugu, taratibu, maana jino langu la bandia limo humo. Litafuteni kwenye kona yenye matokeo ya mpira.

Ilikuwa hivi. Mama yenu alipokuwa anatoka kwenda zamu, alinikuta nachemsha tofi za sikukuu. Akaniambia, "Baba watoto, sinia lipake siagi kwanza." Nikamjibu kwa madaha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kumbe siagi yote nilikuwa nimeshaitia kwenye sukari! Nikatandika gazeti, nikamimina.

Tofi ikaganda na gazeti lake. Mtu akitaka kula, lazima asome kwanza. Basi mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikaanza kubandua karatasi kwa meno. Karatasi ikabaki, jino likaenda.

Sufuria nayo ilowekeni. Mwiko umesimama wima humo ndani kama mlingoti. Msiuvute kwa nguvu.

Shangazi yenu anakuja jioni, na nilishamtambia kwenye simu kwamba atakula tofi za mkono wangu. Kwa hiyo nimekimbilia dukani kununua sukari na siagi. Mwenye duka akinisalimu, nitaitikia kwa kichwa.

~~Mama yenu asijue.~~

Mwambieni tu, ataliona pengo nikifungua mdomo. Mwambieni nahodha ameshuka chomboni, jiko ni lake. Na akipika, anibakizie tofi moja. Nitaimumunya.

Baba yenu,
kibogoyo wa muda