Mtini Hautajwi kwenye Barua ya Baraza

Morro Bay, 2 Machi

Mpendwa mjukuu wangu Idalina,

Kosa la wajumbe wengi wapya wa baraza ni kudhani kwamba mkono ukishanyooshwa kupiga kura, kazi imekwisha. Nitakueleza siku nyingine. Kwanza, hujambo? Nyonga yangu mpya inapona vizuri. Mama yako ananitembeza ufukweni kila asubuhi kama mbwa wa jirani.

Nasikia baraza letu la Santa Brites litaujadili ule muswada wa jimbo, unaoruhusu maghorofa kujengwa karibu na stesheni za treni bila miji kuulizwa. Nilikalia kiti kama chako miaka mingi, kwa hiyo nikuambie: baraza la mji halipitishi sheria ya jimbo wala haliiui. Huiandikia kamati ya bunge kule Sacramento, makao makuu ya jimbo, barua ya kueleza msimamo wa mji. Basi. Lakini barua hiyo ina uzito wake.

Nyumba yangu inatazamana na stesheni, na mtini aliopanda bibi yako uko uani. Upinge muswada huo, mwanangu. Na ili upiganie kilicho chako, Ijumaa natia sahihi hati: nyumba iwe yako.

Babu yako,
Avelino

Santa Brites, 5 Machi

Babu mpendwa,

Naomba baraka yako. Mimi mzima, ila usingizi ndio shida.

Tafadhali usitie sahihi. Nyumba ikiwa yangu, nitakuwa na maslahi binafsi, na sheria inanitaka nitoke chumbani wakati wa jambo hilo. Tuko watano. Bwana Truax na Bi Haskett wanapinga, wawili wengine wanaunga mkono. Nikitoka, kura zinalingana na hakuna barua yoyote.

Hiyo ni sababu rahisi. Ngumu ni hii: mimi siupingi muswada. Katika darasa letu nani amebaki hapa? Osvaldo anafundisha shule ileile tuliyosoma, naye huondoka kwake mlimani alfajiri kwa kukosa pa kuishi mjini. Ninachoogopea ni ukumbi wetu wa Roho Mtakatifu, ule wa supu ya bure ya sikukuu. Nao uko pale stesheni, na muswada hauna neno la kuulinda.

Usinikasirikie, Babu.

Mjukuu wako,
Idalina

Morro Bay, 9 Machi

Idalina,

Mungu akubariki. Mama yako aliniuliza, "Baba, umenuna?" Nikamwambia nafikiri. Akasema, "Kwako wewe uso ni uleule."

Sikutia sahihi. Nyumba na sauti huwezi kuwa navyo pamoja, na watu walikuchagulia sauti. Kuhusu muswada bado sikubaliani nawe, lakini kutokubaliana hakunizuii kukufundisha.

Barua ya "tunapinga" huhesabiwa, ikawekwa kwenye rundo. Ya "tunaunga mkono" vivyo hivyo. Inayosomwa ni ya "tunaunga mkono iwapo utarekebishwa," mradi uandike mwenyewe maneno ya rekebisho, yakiwa tayari kunakiliwa. Usiandike "lindeni utamaduni wetu." Kamati haijui kuupima utamaduni. Andika kwamba usibomolewe ukumbi ambao kwa nusu karne umewalisha bure wote wanaofika siku ya sikukuu. Hilo linapimika.

Na mtini usiutaje. Ukiombea mti wa babu yako, watasema binti wa ukoo wetu wa Borba anajitetea, na ukumbi utaanguka pamoja na mti.

Kula vizuri.

Babu yako,
Avelino

Santa Brites, 20 Machi

Babu mpendwa,

Naomba baraka yako. Jana usiku tulipiga kura: watatu kwa wawili, tunaunga mkono iwapo utarekebishwa, kwa maneno yaleyale ya ukumbi uliyonifundisha!

Bwana Truax alinichokoza: "Binti Borba, angekuwepo babu yako, angekuchapa kwa nyundo ya mwenyekiti."

Nikamjibu, "Babu ndiye aliyenifundisha. Na wewe alikufundisha, Bwana Truax, ila ulikuwa umesinzia." Hata yeye alicheka.

Kisha Bi Filomena, yule mpishi wa ukumbini, akachukua dakika tatu anazopewa kila mwananchi kusema mbele ya baraza. Hakuzimaliza. "Nyote mmekula supu yangu," alisema. "Truax, wewe mabakuli mangapi? Kuna siku nilikuuliza unasali wapi?" Akarudi kukaa.

Sikuutaja mtini. Nilinyoosha mkono, kisha nikapita kwako kuumwagilia maji, nikalia pale uani. Muswada ukipita, sijui wajenzi wa maghorofa watakuja kununua upande gani wa barabara kwanza. Nisamehe. Kamati inakaa Jumanne, lakini kwangu kazi imekwisha.

Mjukuu wako,
Idalina

Morro Bay, Ijumaa 22 Machi, kwa simu ya mama yako maana posta itachelewa

Idalina,

Mungu akubariki, na usilie tena. Mtini hukatwa kijiti, kikachomekwa kwenye ndoo yenye udongo, kikaota popote. Ukumbi hauoti kwa kijiti. Ulichagua sawasawa, ingawa ningepiga kura tofauti na ningekununia wiki nzima.

Lakini "kazi imekwisha"? Soma barua yangu ya kwanza. Mikono iliyonyooshwa haijafika Sacramento. Karani lazima aichape barua, meya aisaini, na kamati inafunga kupokea barua leo jioni. Nimeona mji ukipiga kura nzuri kabisa, barua ikalala kwenye trei ya meya mpaka sheria ikapita.

Leo, ukimaliza kusoma hapa, nenda dirishani kwa karani, na usiondoke mpaka barua iondoke.

Babu yako,
Avelino