Gata Inaita

Jumapili, Mbotela. Mvua tangu asubuhi. Nguo hazikauki, na mimi mwenyewe sikauki.

Pipa limejaa pomoni na sina wa kumwambia.

Gata yetu, ile bati ya kukinga maji ukingoni mwa paa, ni moja, milango miwili. Inaanzia juu ya kwangu, inamwaga mbele ya mlango wa jirani. Miaka yote Mama Zuhura aliyokaa pale, mvua ikianza alikuwa akigonga ukuta na kupiga kelele, "Mama Njeri, gata inaita! Toka na mabeseni, wewe!" Natoka mbio, leso kichwani, tunalowa huku tunacheka kama wendawazimu. Mvua ya kwanza alinikataza kuigusa. Acha paa lioge, alikuwa akisema, ama unataka kunywa mavi ya kunguru?

Ya pili ndiyo tulikinga. Yake ya kuoshea nywele na kumwagilia mrehani wake, yangu ya sukuma wiki na chai. Na chai ya maji ya mvua, jamani, ni tamu!

Alihamia mtaa wa Umoja wakati wa kiangazi. Huko mfereji uko ndani ya nyumba, unafungua tu. Nilimfurahia, kweli. Nilimsaidia kufunga vyombo. Kisha nikaingia ndani nikalia mpaka Baba Njeri akaniuliza ni nani amekufa.

Wakati wa kuagana aliniambia, "Mvua ikinyesha uniwekee debe langu. Maji ya mfereji yanaharibu nywele zangu."

Nimemwekea. Juzi niliacha paa lioge, jana nikakinga debe lake, nikalifunika kwa sinia. Tangu hapo kazi yangu ni kusikiliza mlango. Kila hodi ni ya mtu mwingine. Mpangaji mpya pale kwake, bachela mmoja, mvua ikipiga anaongeza tu sauti ya redio.

Nimemmiss yule mwanamke, basi. Nimeandika.

Leo mchana Baba Njeri alitaka kuosha miguu kwa maji ya debe lile. Nilimfokea hadi nikaona haya mwenyewe.

"Lakini ana mfereji ndani ya nyumba, mama," alisema. "Atakuja kufuata maji huku?"

Nilinuna, nikalifunika debe tena kwa sinia.

Labda amesahau. Labda ameshazoea kufungua mfereji. Nimeyawaza hayo jioni yote nikisikia gata ikimwaga kwa yule bachela, ndipo nikakumbuka kitu. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyeita. Mimi sikuwahi kugonga ule ukuta hata siku moja. Na huko Umoja, nani wa kumgongea?

Kesho najitwika debe la maji hadi kwa mtu mwenye mfereji ndani ya nyumba. Wacha mtaa mzima unicheke. Nikifika nitagonga, nimwambie gata inaita.