Hukumwambukiza Faustin

Mama,

Marta anapumua. Naanza na hilo maana najua ndilo ungeuliza.

Tulipokwisha kukuzika, kitinda mimba wako alianza kukohoa kama marehemu kaka yake Faustin, na upande uleule wa kushoto ukimuuma. Nikampeleka hospitali. Daktari yuleyule wa Faustin, mwenye miwani ya dhahabu, akainua picha ya mapafu dirishani, na kabla mtoto hajatema hata mate, akasema kifua kikuu. Ndivyo anavyosema kwa kila mtoto mweusi anayekohoa. Nadhani hata mbuzi wetu angepewa kitanda.

Nikakataa. Nikangoja barazani mpaka alipopita daktari mpasuaji, mgeni hapa Kisangani, nikamshika koti. Akaagiza makohozi yapimwe, yakapimwa tena: hakuna kijidudu. Akaitafuta picha ya zamani ya Faustin, akaona uvimbe kama wa Marta, mahali palepale. Alisema ni nadra sana kwa watoto, naye alikuwa ameusoma vitabuni tu. Akampasua Marta ubavuni, akautoa pamoja na kipande cha pafu. Hana hakika kama hautarudi. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Bon. Haiko kifua kikuu. Mama yenu hakuambukiza mutu."

Yule wa miwani alipoelezwa, alijibu kwamba kwa watu weusi ukianza na kifua kikuu hukosei sana. Hukosei sana! Wewe usiyewahi kukohoa alikuambia umemwambukiza mwanao, akakukataza kumshika, ukasimama nje ya dirisha ukimwita Faustin mpaka akanyamaza. Ukamtii mtu yule, mama. Watu wakachoma mikeka yako, na wateja wakakwepa samaki wako.

Na tante Sofia, dada yake baba, aliyekutengea kikombe na kukisugua kwa majivu, jana alikuja wodini na chikwangue ya muhogo, analia kwa sauti ili wauguzi wamsikie. Eti ulikuwa mtu mzuri. Chakula nilipokea. Kiti sikumpa.

Nawadharau wote wawili, wala sitakwenda kuungama.

Marta akikua atauliza kwa nini hukumbeba Faustin siku ile. Naahidi nitamwambia ni nani aliyekuzuia, na nitasema mbele ya watu. Lala sasa, mama. Kifua chako kilikuwa kizima.

Mwanao,
Agnès