Mafuta Yakiyeyuka Asubuhi

Dandora, Nairobi

Kwako Mama Mkwe,

Pokea salamu zetu, mimi na mwanao na mjukuu wako Simiyu. Goti linaendeleaje? Tulikuwa tukikungoja uje umtoe mtoto nje kwa desturi ya nyumba yenu, kwamba mtoto wa kwanza havuki mlango mpaka bibi yake amtoe, kisha tukasikia huwezi hata kufika kisimani. Pole sana.

Sisi hatujambo kwa mdomo tu. Chumba chetu kina mabati juu, hakina dari, na dirisha ni moja linalotazama ukuta wa jirani. Huko nyumbani paa ni la nyasi, mzazi akikaa ndani na mtoto wake hapati taabu. Hapa kiangazi hiki tumo ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nimejifunza kuujua mchana kabla haujafika. Asubuhi nafungua mkebe wa mafuta ya kupikia. Yakiwa yameganda, tutavumilia. Yakiwa yamelegea kabla ya chai ya saa nne, najua alasiri mtoto hatanyonya, atalala macho nusu wazi, na utosi wake utabonyea. Sijakosea bado, na natamani ningekosea.

Mama Mutuku, jirani yangu Mkamba ambaye mumewe huchonga vinyago, aliniambia, "Mama Simiyu, hii nyumba itapika mtoto. Toa yeye kwa kivuli." Nikamweleza mwanao. Yeye huondoka kwenda kazini Industrial Area nyumba ikiwa baridi, hurudi jua limezama. Akasema, "Hayo ni mambo ya akina mama. Mngoje Mama."

Juzi nilishindwa. Nilimtoa, nikaketi naye chini ya tangi la maji uani. Punde akafumbua macho, akanyonya mpaka akashiba. Nililia kwa furaha, mara ya kwanza tangu nijifungue. Ndipo wifi yangu Truphosa akaingia langoni. Aliturudisha ndani bila kupaza sauti.

"Mtoto wa kwanza wa kaka yangu hatatolewa kama kifaranga," alisema. "Bibi yake yuko hai."

Tangu hapo ameomba ruhusa kazini, na kutwa huketi mlangoni akifuma vitambaa. Simchukii. Anafanya hivi kwa kukuheshimu wewe. Lakini nimekata tamaa, Mama. Wote wananiambia ningoje, na mtoto anazidi kuwa mwepesi mikononi.

Neno lako ndilo Truphosa atakalolisikia. Mwandikie, au mtume yeyote anayepanda treni, aseme umeniruhusu nimtoe kwa niaba yako. Naogopa barua hii itakawia njiani.

Nisalimie Baba, shemeji mdogo anayekuchotea maji, na shangazi yenu anayeongoza maombi ya akina mama.

Naishia hapa kwa kuwa Simiyu ameacha kulia. Ni asubuhi bado, na mafuta mkebeni yameshakuwa maji.

Mke wa mwanao,
Nekesa