Bati Lenye Kiraka cha Bluu

Ouma, omera, ndugu yangu,

Tangu tukuzike nimeandika barua hii mara tatu na kuichana mara tatu, kwa sababu kila mara iligeuka hotuba. Ungenicheka. "Umeanza tena kuhutubia viti," ungesema, kama ulivyosema kila nilipopandisha sauti barazani kwangu Kaloleni. Leo sihutubii. Nakuletea habari ya bati.

Unakumbuka tulipofunga kipima maji chetu. Bomba la plastiki ufukweni, boya la chupa ndani yake, betri ya pikipiki, king'ora cha gari bovu juu ya paa lako: ziwa likipanda, king'ora kinalia, mtaa mzima unabeba magodoro. Wawili tu, bila mfadhili, bila semina. Mimi nikashika drili nipitishe waya wa king'ora, nikatoboa katikati ya bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Mvua ya kwanza ikakunyeshea kitandani. "Jaduong'," ukaniambia, maana uliniita mzee kila uliponidharau, "vitabu vyote hivyo, na hakuna hata kimoja kilichokwambia maji huteremka?" Nikakubishia nusu saa nzima. Nikasema bati ndilo lililopinda. Ukakata kipande cha patapata yako ya bluu, ukakibandika kwa lami, kisha ukatembea siku mbili na patapata moja mguuni, makusudi, ili kila anayeuliza umsimulie ujinga wangu.

Kosa langu la pili halikuwa la drili. Nilichukua daftari letu la vipimo, miezi yote ya kupanda na kushuka kwa ziwa, nikampelekea Mheshimiwa wetu. Nilimwomba mtaro tu wa kutoa maji. Ulinionya: "Omera, fisi haonyeshwi mlango wa zizi." Nikakujibu kwamba vipimo havina chama. Mheshimiwa alivisoma vizuri kuliko mimi. Asubuhi ile tingatinga lilipofika kubomoa nyumba zenu, askari alisoma tangazo kwamba mnahamishwa kwa usalama wenu, kwani vipimo vinaonyesha hatari ya mafuriko. Vipimo vyetu, Ouma. Mwandiko wako.

Mabati yenu yakapakiwa kwenye lori. Mlipoyafuata mkaambiwa yameshatupwa jaani, yalikuwa takataka.

Ukawa unalala kwenye veranda za maduka. Wewe, uliyetengeneza friji za samaki ufukwe mzima. Na hapa kalamu inakataa, lakini nitailazimisha. Nilikuwa na chumba cha pili. Kilijaa redio mbovu na televisheni ambazo kila mwaka nilisema nitazitengeneza. Nikakwambia, "Karibu, tutabanana," lakini kwa nusu mdomo, nawe ukachungulia ukasema, "Hapa kuna wenyeji tayari." Ukacheka, ukaenda zako. Sikukufuata. Nilikuwa naandika makala juu ya haki ya makazi. Makala kali sana. Ilipochapishwa, wewe ulikuwa wodini, kifua kimebana kwa mvua ya verandani, na hukutoka tena.

Ulipokufa, ndani ya siku moja ulipata nyumba.

Kwenu Bondo mwanamume hazikwi bila nyumba yake bomani kwa baba yake, nawe hukuwa umejenga. Wajomba zako walichimba mashimo ya nguzo alfajiri. Saa nne likaingia lori la Mheshimiwa, limebeba mabati. Akasimama kando ya jeneza lako, akafuta jasho kwa leso nyeupe, akasema, "Hatuwezi kuacha ndugu yetu alale bila paa." Watu wakapiga makofi. Walipiga makofi, Ouma!

Tulipokuingiza ndani niliinua macho. Juu ya jeneza, katikati ya bonde la bati, kulikuwa na kiraka cha bluu. Kwenye lami, alama ya kidole gumba chako.

Nilitaka kumfuata pale pale. Mama yako akanishika mkono. Sijui aliona nini usoni kwangu. "Wuoda," alisema, mwanangu, "leo niache nizike. Kesho utapiga kelele."

Kesho imefika.

Kwa ruhusa yake nimelitoa bati lile na kupeleka jingine jipya. Nimelipigilia mgongoni, kila msumari, ungekagua. Lako limeegemea ukuta wa chumba changu cha pili. Televisheni zimetoka. Kuna kitanda, na anayekilalia ni jirani yako, yule fundi wa viatu, ambaye anakoroma kama jenereta na simwambii kitu.

Nimewapitia majirani zako wote. Nyuma ya nyumba ya Mheshimiwa kuna banda jipya la kuku. Mama Akinyi, aliyekaanga samaki ukutani kwako, alipita pale kuuza, akaja kwangu mbio. Bati la ubavuni ni lake: lina moshi wa kikaango chake, na alama za msumari alizochora kupima urefu wa watoto wake mwaka hadi mwaka. "Kuku wa yule mtu wanalala ndani ya nyumba yangu," aliniambia.

Mimi simwombei Mheshimiwa kifo. Kifo ni cha upole mno. Humpa mtu wasifu mzuri na mashada. Namwombea maisha marefu, na kila mvua ikipiga bati aone aibu, akiwa mezani, akiwa kanisani, akiwa kitandani na shuka zake laini. Namwombea uzee ambao hakuna anayempisha kiti.

Jumamosi anafungua bustani ya kupumzikia mahali nyumba zenu ziliposimama. Tutakuwepo. Mama Akinyi atakuja na watoto wake, wasimame kwa kimo kama zile alama za bati lake. Mimi nitakuja kwa miguu kutoka Kaloleni, bati kichwani.

Atakana. Atasema bati ni bati, yote yanafanana. Nami, ambaye hujawahi kunisikia nikikubali kushindwa, nitaliinua mbele ya mtaa mzima na kusema maneno uliyoyangoja ukiwa hai na sikukupa.

Lala, omera. Sasa hapavuji. Ninakuahidi nitayasema kwa sauti, bila kubisha, hadi yamfikie: shimo hili nililitoboa mimi, na nililitoboa vibaya.

Jaduong' wako